Darasa Lililomalizia Maneno

Neno lilikuwa barafu, na Mwalimu Sekela Mwakatundu alikuwa hajalianza.

Alikuwa ameandika ubaoni "Hali za maji", akapangusa chaki vidoleni, akaligeukia darasa la nne. Nje ukungu wa Lwangila ulikuwa umeziba madirisha kama kawaida yake asubuhi za Juni, hata mlingoti wa bendera hauonekani. Alikusudia kusema kwamba maji yakipoa sana hugeuka kuwa ba, halafu anyamaze, watoto wamalizie. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaujua mtindo huo. Mwalimu hulianza neno, hulikata katikati, na darasa zima hulimalizia kwa sauti ya kuimba huku nusu yao wakiwaza mpira. Wataalamu wa vyuo wameukemea mtindo huo tangu enzi za babu zetu, na walimu wameitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakarudi darasani kuuendeleza.

"Barafu," likasema darasa.

Sekela alibaki na mdomo wazi. Hawakuimba. Walisema taratibu, kwa pamoja, kama mtu mmoja anayejibu huku akili yake iko mbali.

"Nani amewaambia?"

Watoto wakamtazama tu. Kanda za kijivu za kile kipimo kipya zilikuwa zimewakaa vizuri kwenye vipaji vya nyuso. Ukanda wake mwenyewe ulikuwa chini ya kilemba, ukimwasha kidogo nyuma ya sikio. Akaamua kuwajaribu. Akafunga mdomo kabisa, akawaza mvuke.

"Mvuke," wakasema.

Akawaza umande. Wakasema umande. Akawaza, bila kukusudia, kwamba soksi yake ya kushoto imelowa. Darasa zima likainua mguu wa kushoto kidogo kutoka sakafuni, kisha likaushusha.

Hapo ndipo mwili ulipomsisimka. Lakini tuseme ukweli, kabla ya kusisimka alifurahi. Alijua kwamba kule ofisini, kwenye kioo cha kipimo kilichotundikwa ukutani, mstari wake wa kijani ulikuwa unapanda mahali ambapo mstari wa mwalimu yeyote wa Lwangila haujawahi kufika.

*

Kama kuna watu waliopimwa kwa kila kitu isipokuwa kazi yao, basi ni walimu. Wamepimwa kwa usafi wa viatu, kwa mwandiko wa andalio la somo, kwa matundu ya vyoo ambayo si wao waliopaswa kuyachimba, na zaidi ya yote kwa matokeo ya mtihani. Mtoto wa mjini aliyekunywa chai na mayai, jioni akapelekwa tuisheni, alifaulu, na mwalimu wake akapewa cheti na kupigiwa makofi. Mtoto wa Lwangila aliyechuma pareto alfajiri, akaja shuleni na kiazi kimoja tumboni, alifeli, na mwalimu wake akaandikiwa barua ya onyo. Sekela alikuwa na barua hizo za kutosha kuwashia jiko.

Kwa hiyo ukanda ulipokuja, walimu ndio waliokuwa wa kwanza kuushangilia. Ukanda haukuuliza nani kafaulu na nani kafeli. Kwenye semina walielezwa kwamba wazo likikaa kichwani lina umbo lake, mfano wa njia ya mbuzi mlimani, kadiri linavyopitiwa ndivyo linavyochimbika. Ukanda wa mwalimu unalisoma umbo la wazo lake, ukanda wa mtoto unalisoma la kwake, na kioo kinaonyesha maumbo hayo mawili yamekaribiana kiasi gani tangu jana. Ukimkuta mtoto hajui kitu ukamsogeza, utaonekana, hata kama hukumsogeza mbali. Mwalimu mvivu wa mjini ataumbuka, na mchapakazi wa kijijini atatambuliwa. Ahadi nayo ilikuwa tamu. Mwalimu ambaye mstari wake ungekaa juu mpaka mwisho wa mwaka angechagua mwenyewe kituo cha kazi.

Sekela hakuhitaji kufikiri mara mbili. Angechagua Kyela. Mwanawe Tusekile alikuwa huko kwa bibi yake, kwa sababu baridi ya Lwangila ilimkaba kifua tangu akiwa mchanga, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba mtoto huyo akae bondeni kwenye joto, ama watamzika. Mwaka huu alikuwa ameanza darasa la kwanza bila mama yake kumsindikiza. Sekela aliomba uhamisho mwaka baada ya mwaka, na kila mara alijibiwa kwamba ufaulu wa wanafunzi wake hauridhishi. Alimlilia mwanawe waziwazi, hakuwa mtu wa kujikaza. Walimu wenzake walizoea kumkuta ofisini akifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia ubao, akitoka pale na uso mweupe kwa chaki.

*

Siku chache baada ya mambo ya barafu, aliwagawia karatasi akawaambia kila mmoja achore nyumbani kwao.

Somo la kuchora, kwa kawaida, ni vurugu tupu. Huyu anaazima rangi, yule anashtaki kwamba mwenzake anamwigilizia. Safari hii palikuwa kimya. Penseli zilikwenda pamoja, zikatua pamoja, zikaanza tena. Sekela alipita kati ya madawati akiwa amekunja mikono, na alipofika nyuma ya darasa alijishika ukutani.

Wote walikuwa wamechora nyumba moja. Ilikuwa na mlango wa bluu, na mlango huo ulikuwa na ufa chini, upande wa kulia, pale mbuzi wa jirani alipoupiga pembe. Uani palikuwa na mikeka iliyoanikwa mbegu, na kando ya mikeka mti ambao matunda yake yamebandikana kwenye shina lenyewe badala ya kuning'inia matawini. Kokoa haioti Lwangila. Mtoto wa huko akioneshwa mti wa namna hiyo atadhani aliyeuchora amelewa. Na dirishani, katika kila karatasi, palikuwa na uso mdogo wa mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa mabutu mawili.

Ilikuwa nyumba ya mama yake Sekela. Hakuwahi kuwasimulia habari zake.

Mtoto mmoja wa mbele akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kikafuatwa na mluzi mwembamba wa pumzi inayotafuta njia. Kisha darasa zima likakohoa vilevile, likavuta pumzi vilevile, likainama tena kwenye karatasi zake. Sekela alikijua kikohozi hicho. Ndicho alichokuwa akikisikia kichwani kila alipokaa bila kazi, tangu siku alipomwacha mwanawe.

*

Mama Yusta alikuja shuleni siku ya gulio, bado akiwa na kapu la viazi mkononi, na bintiye akimfuata nyuma.

"Mwalimu, habari za kazi. Nisamehe kwa kukusumbua."

"Nzuri, mama. Karibu, keti."

"Sikai. Nimekuja kwa habari ya huyu mtoto." Alishusha kapu. "Anakohoa. Zahanati wamempima wanasema mapafu yake mazima kabisa. Maziwa hataki, na amekulia kwenye ng'ombe huyu. Anasema harufu yake inamtapisha."

Sekela hakuwa amegusa maziwa tangu utotoni. Harufu tu ilitosha kumwondoa mezani.

"Huo ukanda namvua akifika nyumbani, lakini hali ni ileile. Na liko lingine, sema utaniona mwehu."

"Sema tu, mama."

Mama Yusta alimtazama bintiye, akapunguza sauti. "Jioni analia. Nikimuuliza kulikoni, ananiambia amemkumbuka mwanawe."

Mama Yusta alimgeukia tena Sekela.

"Mwalimu, huyu hata meno hajamaliza kubadilisha. Mwana gani?"

Yusta alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alimwangalia Sekela kwa huruma, kama wanawake watu wazima wanavyoangaliana msibani, na hilo lilimtisha Sekela kuliko kikohozi na michoro yote. Alitaka kumwambia yule mama ukweli. Lakini macho yake yalikwisha kumtoroka, yamekwenda ukutani nyuma ya bega la mgeni, kwenye kioo. Mstari ulikuwa juu kabisa.

"Nitalishughulikia," alisema, akaona aibu hapohapo, maana ndivyo wanavyosema wakubwa wakitaka uondoke.

Mchana huohuo ufunguo wa kabati la vitabu ulipotea. Sekela alijipapasa, akatazama mezani, akakubali kwamba hajui kabisa ameuweka wapi. Akaliuliza darasa. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Halafu ikawa kana kwamba mtu amewafungua kamba. Mmoja aliingia chini ya dawati. Wawili waligombana nani aliuona mwisho. Osmundi, mwenye masikio makubwa, alipindua kapu la takataka, wenzake wakamcheka, naye akawarushia maganda ya penseli. Palikuwa na kelele, vumbi, na mtu amekanyagwa kidole. Sekela alisimama katikati ya vurugu ile akiwa amefurahi na hajui kwa nini.

Kisha vidole vyake vikaugusa ufunguo ndani ya sweta.

"Mfukoni," likasema darasa. Wote walikuwa wameshakaa, mikono juu ya madawati.

*

Bwana Gaudensi Mlowe alifika Novemba, gari lake limejaa tope hadi kwenye vioo. Alikuwa mthibiti ubora wa elimu, wale ambao zamani tuliwaita wakaguzi, na alikuja kufanya kipimo cha mwisho wa mwaka. Alikuwa mtu mpole mwenye koti la zamani, na chai alikunywa kwa kuipuliza sana hata kama imepoa.

Sekela hakusubiri amalize. Alimtandikia michoro mezani.

Mlowe aliitazama mmoja mmoja. Hakushangaa. "Hapa ni kwako?"

"Kwa mama yangu."

"Nimeona darasa linalopiga magoti," alisema Mlowe. "Katikati ya hesabu. Mwalimu wao alikuwa mtu wa sala. Kwingine wanafunzi wote wanaogopa mbwa, na kijiji hakina mbwa wa kutisha."

"Kwa hiyo mnajua."

"Nilipeleka taarifa. Wataalamu walikuja wakakifungua kipimo, wakakiona kizima. Na ni kizima, dada. Kinapima kilichotoka kwa mwalimu kikaingia kwa mtoto. Sisi tukawa tunasukuma kwa nguvu zote ili mstari upande, na unaposukuma huchagui. Jambo unaloliwaza kuliko somo ndilo linalotangulia."

"Wakivuliwa kanda?"

"Kilichoingia kimeingia. Sijamwona anayejua kukitoa."

Sekela alikusanya michoro, akaipanga pembe kwa pembe. "Na mimi nikiondoka?"

Mlowe alipuliza chai. "Kuna shule, jina lake silitaji. Mwalimu alipata uhamisho kwa mstari mzuri kama wako. Baada ya mwezi, asubuhi moja darasa zima likatoka, likashika barabara aliyopita. Hawakukimbia. Tuliwakuta kituo cha basi wamekaa, mabegi mapajani. Tukauliza mnakwenda wapi, wakatutajia mtaa anaoishi mwalimu, na rangi ya geti. Tukawarudisha. Kesho yake wakatoka tena."

"Mpaka leo?"

"Wazazi wamechoka. Sasa wanawaacha waende, jioni wanakwenda kuwachukua."

Mvua ilianza kupiga bati. Sekela aliuliza kitakachotokea akiandika kwamba kipimo hiki kinadhuru.

"Kitaondolewa," alisema Mlowe, "na tutarudi kwenye matokeo ya mtihani. Wewe na mimi tunajua hiyo ina maana gani kwa shule kama hii. Nimefundisha kijijini nusu ya maisha yangu, dada. Sikuwahi kuonekana na kipimo chochote kabla ya hiki." Aliweka kikombe chini. "Kesho fundisha kama kawaida. Mstari ukikaa, nasaini, Januari uko Kyela. Ukianguka, unaanza upya, na kuomba uhamisho mpaka miaka mitatu ipite. Usiuache uanguke. Ni haki yako."

Alilisema neno haki kwa moyo mmoja, bila ujanja wowote, na ndiyo maana lilimuuma.

*

Sekela alipofika mlangoni, darasa lilikuwa limeshasimama. Alipotaka kuwaambia wakae, walikuwa wameshakaa. Mlowe alikuwa nyuma kabisa, kioo kidogo cha mkononi kikiwa mapajani.

"Leo sina somo," Sekela alisema, na Mlowe akainua kichwa. "Nina mtoto."

"Tusekile," likasema darasa.

"Yuko mbali."

"Kyela."

"Nampenda kuliko..." Alikwama. Hakukusudia kulikata neno, ila miaka mingi ya mtindo ule ilimponza.

"Kuliko sisi," likamalizia darasa, bila kinyongo.

Alishika meza. Aliona haya mbele yao, haya ya kweli, maana hapakuwa na la kubisha. Tangu siku ya ufunguo alikuwa ameelewa jambo moja tu: ukanda haukuwa na la kubeba pale ambapo yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Na lilikuwepo swali moja ambalo hakuwa na jibu lake. Kila alipojiambia ataondoka, aliwaona watoto kituo cha basi. Kila alipojiambia atabaki, aliuona mlango wa bluu ukifungwa. Angeweza kukata shauri kabla ya kuingia darasani, apumzike. Alijizuia, kwa sababu akiamua tu, nao watakuwa wameamua. Kwa hiyo aliingia akiwa hajui.

"Bwana Mlowe akiridhika leo, Januari nakwenda kuishi na mwanangu. Nikienda, ninyi mtabaki na hamu yangu vichwani, na mimi sitakuwepo. Nikibaki, yeye atakua bila mimi. Sasa nawauliza. Niende, au nibaki?"

Midomo ikafunguka yote kwa pamoja. Haikutoka sauti. Wakakaa hivyohivyo, midomo wazi, macho yamemkazia, wakingoja kitu kije kutoka kwake, na hakikuja. Mvua ikasikika, na maji kwenye mfereji, na bado midomo iko wazi. Sekela aliingiwa na hofu kwamba amewaharibu, kwamba ndani yao hakukubaki kitu cha kujibia. Alitamani kuwafunga midomo kwa mkono wake, mmoja mmoja.

Yusta akapepesa macho. Akatazama viganja vyake kana kwamba amevikuta pale.

"Nenda," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza. Sekela alikuwa ameisahau.

"Asiende," alisema Osmundi. "Nani atatufundisha?"

"Ataletwa mwingine."

"Kakwambia nani? Darasa la dada yangu halikuletewa mtu mwaka mzima."

"Na mtoto wake je? Ungekuwa wewe?"

"Mama yangu yuko Makambako, na sijafa."

"Mwalimu, naomba nikajisaidie," alisema mmoja karibu na dirisha. Tangu Juni walikuwa wakitoka wote kwa pamoja, saa ambayo Sekela mwenyewe amebanwa. Huyu alitoka peke yake, na mlangoni akajikwaa.

Ubishi ukapanda. Wengine walisema aende arudi, wengine aende asirudi, na msichana mmoja alikuwa analia bila kujua yuko upande gani. Mlowe alikuja mbele haraka, akamwinamia Sekela sikioni.

"Mstari unaanguka," alisema. "Tazama. Bado hujachelewa. Sema kitu wanachokijua, neno lolote lile, utapanda sasa hivi. Nakuomba, mwalimu."

Alimshikia kioo usoni. Mstari ulikuwa umeshapita nusu na unaendelea kushuka. Hakukuwa na haja hata ya kusema, ingetosha kuuwaza mlango wa bluu. Na alipouona mlango ule kichwani, mara moja aliwasikia watoto wakianza kupoa, safu kwa safu, vichwa vikimgeukia. Kyela ilikuwa palepale, mbele ya ulimi.

"Osmundi," alisema kwa nguvu, "mama yako anafanya nini Makambako?"

Hakujua. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu tangu darasa la tatu, na hakujua.

"Anauza mitumba," alisema Osmundi, na masikio yake yakasimama kwa furaha ya kuulizwa.

"Atarudi lini?"

"Hajasema."

Akamuuliza wa pili kovu lile la shavuni alilipataje. Akamuuliza wa tatu kwa nini hacheki. Akamuuliza Yusta ng'ombe wao anaitwa nani, akaambiwa anaitwa Makelele kwa sababu ni bubu. Alikwenda dawati kwa dawati, na kila mahali alikuta kitu asichokijua. Vilikuwa vingi mno. Mlowe alirudi nyuma akaketi, kioo amekilaza kifudifudi. Alikifunua mara moja tu, kengele ilipogongwa, akaandika kilichoonyeshwa, kwamba mwalimu huyu hajapitisha chochote kwa wanafunzi wake. Kwa namna yake, kioo kilikuwa sahihi.

*

Mtandao wa Lwangila, pamoja na miaka yote na ahadi zote, ulikuwa bado unakamata vizuri nyuma ya choo cha walimu tu. Sekela alisimama huko baada ya mvua, simu sikioni, viatu vimezama matopeni, amejiandaa kuvunja moyo wa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, Tusekile. Lile jambo la Januari. Mama hataweza kuja."

"Sawa."

Alisubiri kilio. Hakikuja. "Umenisikia? Nimesema sitakuja."

"Nimesikia. Hata mimi sitakuwepo. Narudi kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Musoma," alisema Tusekile. "Kuna mawe makubwa yamepandana, mama anaanika dagaa juu yake. Amezeeka. Lazima nirudi kabla hajafa."

Sauti ilikuwa ya mwanawe, lakini namna ya kusema ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Bibi akainyakua simu. "Usimsikilize, ndivyo anavyosema siku hizi, darasa lao zima ndivyo lilivyo. Wamepata mwalimu kijana wa huko Musoma. Huyo kijana ni hodari, kioo chake hakuna anayekifikia hapa Kyela nzima. Wanasema mwakani atachagua kwenda anakotaka."

"Nirudishie mtoto, mama," alisema Sekela. Alikuwa amechuchumaa. Upande wa pili wa simu, ndani ya mwanawe, aliiona kazi ileile aliyokuwa akiifanya yeye kwa watoto wa Lwangila, na hakuweza kumchukia yule kijana, kwa kuwa alimjua mno.

"Tusekile. Mwalimu wako ananifahamu mimi?"

"Hapana."

"Basi niulize mimi. Kitu chochote ambacho mwalimu wako hawezi kukijua. Kiulize."

Simu ikabaki na upepo. Sekela alimwona bila kumwona, mdomo wazi, akingoja kitu kije kutoka kwa mtu mwingine. Alijiuma ulimi asimsaidie. Upande wa pili kuku alilia uani, mtu akaburuta ndoo. Alifikiri simu imekatika, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Krismasi ulisema unakuja," alisema Tusekile. Sauti ilikuwa inatetemeka, na ilikuwa ya mtoto. "Bibi alipika wali na kuku. Nilikaa mlangoni nimevaa gauni jipya mpaka wali ukapoa, nikakataa kula. Mbona hukuja?"

Sekela alikuwa na majibu, ya barabara na mvua na ruhusa iliyokataliwa. Hakutoa hata moja. Hasira ile hakuna mwalimu aliyempa mwanawe, ilikuwa mali yake mwenyewe, na ilimchoma Sekela kifuani hata akalia na kucheka kwa pamoja pale nyuma ya choo.

"Sikusikia vizuri," alisema uongo. "Niulize tena."

Tusekile akamuuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.